Upande wa Kina Folan

Rathmines, Dublin
14 Oktoba 1951

Mpendwa Mjomba Festus,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nilifika salama, ingawa treni ya kutoka Galway ilisimama Athlone saa nzima bila mtu kutuambia sababu. Viazi mlivyonifungia vimefika bila kuchubuka. Mama mwenye nyumba, ambaye hasifu kitu chochote kitokacho magharibi, alikula vitatu akanyamaza.

Kazi ni ile ile. Wamarekani wanaandika, mimi nawatafutia mababu. Wiki hii mzee mmoja wa Chicago anataka nimthibitishie kwamba yeye ni wa damu ya wafalme. Wote wanataka wafalme. Nimemjibu kwamba ile O iliyo mbele ya jina lake ina maana ya mjukuu tu. Mtu fulani, yapata miaka elfu iliyopita, alipata wajukuu waliojivunia kuitwa kwa jina lake. Nikamwambia pia kwamba babu zake wa karibu waliidondosha O hiyo njiani, siku walipohitaji kazi kwa Waingereza. Hilo la pili sidhani kama atalipenda.

Sasa neno lenyewe. Siku yangu ya mwisho hapo nyumbani, wewe ukiwa umekwenda kuleta mboji kavu ya kuwashia moto, Mama aliniita kando ya moto. Aliniambia kwamba akifa anataka kulazwa kwenye makaburi ya kale ya Kilrua, upande wa kina Folan, karibu na Bibi Barbara. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeagiza sukari. Baba yuko Coventry, Uingereza, walikomzika wajenzi wenzake, hatuna kaburi lake huku. Anachoogopa Mama ni kupelekwa kwenye makaburi mapya ya barabarani, ambako watu hupangwa kwa namba na jirani yako huwa yeyote aliyekufa wiki hiyo.

Najua kwamba pale Kilrua hakuna anayefungua ardhi ya kina Folan isipokuwa wanaume wa jina hilo, na kwamba mkubwa wa jina sasa ni Bartley. Nakuomba uzungumze naye mapema, Mama akiwa bado anaweza kusikia jibu. Daktari ameniambia mimi peke yangu: moyo wake hautaona kiangazi.

Mpwa wako akupendaye,
Sabina


Derreen
2 Novemba 1951

Mpwa wangu Sabina,

Barua yako ilifika Jumanne. Tupo, tunasukuma siku. Mvua haijui kuchoka. Viazi vya shamba la chini nusu vimeoza. Ng'ombe mwekundu ana mimba au amenenepa tu, mwenyewe hataki kusema. Mama yako asubuhi anapumua vizuri, jioni vibaya. Leo ni siku ya marehemu wote. Nilikwenda Kilrua kuwaombea watu wetu, naye alikaa dirishani mpaka niliporudi.

Kuhusu ulilouliza. Pembe ya kina Folan imejaa. Ukichimba popote pale unakutana na mtu. Makaburi mapya ni makavu, yana lango zuri, na padri anayapenda sana maana ni yeye aliyeyaomba. Usimsumbue Bartley. Ana miaka themanini na minne, na masikio yake siku hizi yanachagua ya kusikia.

Vaa soksi za sufu. Huko Dublin mnapenda kutembea kana kwamba hakuna baridi.

Mjomba wako,
Festus Folan


Rathmines, Dublin
11 Novemba 1951

Mpendwa Mjomba,

Nashukuru kwa habari za nyumbani. Mimi nina mafua tu. Mpe Mama hicho kitambaa cha shingo nilichokiweka humu, umwambie ni cha sufu kweli, asikiweke kwa ajili ya sikukuu.

Mjomba, pembe haijajaa. Nilikwenda Kilrua mwezi wa Agosti. Kati ya Bibi Barbara na ukuta wa gofu la kanisa pana nafasi ya watu wawili. Nililala pale chini, nikapima kwa mwili wangu. Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima: kuna nini? Umemkasirikia Mama kwa kuolewa na Baba, mtu wa kina Mulkerrin? Lakini hakuwa Mulkerrin hata siku moja. Wanawake wa kwetu hubaki na jina la baba yao mpaka wafe. Padri aandike apendavyo kwenye kitabu chake, lakini kisimani, dukani na kanisani Mama ni Nora Folan. Sijawahi kusikia akiitwa vinginevyo. Nikieleza hivyo hapa ofisini wananicheka, wanasema watu wa magharibi bado tunaishi enzi za koo. Basi na tuishi. Nilipokuwa mtoto nilidhani jina ni kitu kilichomo ndani ya mwili, kama mfupa, na kwamba mtu akifa ndicho kinachobaki. Sijui kama nimeacha kudhani hivyo.

Kama shida ni ushahidi, niachie mimi. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nitachora mstari wote, kuanzia Mama mpaka vizazi sita nyuma, kila jina na daftari lilimotoka. Hakuna mtu atakayeweza kusema neno.

Wako,
Sabina


Derreen
9 Desemba 1951

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Nilianza barua tatu, zote nikawashia moto. Mama yako anakivaa kitambaa hata kitandani na anasema kinawasha. Tumechinja nguruwe. Kipande chako kinaning'inia kwenye moshi kinakungoja.

Sikiliza, Sabina. Mambo ya Kilrua yamekaa. Yaache yakae. Usimwandikie Bartley, wala padri, wala mtu mwingine. Siku ikifika, watu watakuja na masepetu yao bila kuitwa, kama walivyokuja siku zote, ilimradi hakuna aliyewauliza kitu. Sina zaidi ya hapo, na usinisukume.

Mjomba wako,
Festus Folan


Rathmines, Dublin
13 Desemba 1951

Mpendwa Mjomba,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Nimefurahi kusikia habari za nguruwe. Sitaweza kuja Krismasi. Ofisi inatupa siku mbili tu, na mama mwenye nyumba ameanguka kwa mafua makali, hana mtu.

Umechelewa kunikataza. Nilimwandikia Bartley tarehe mosi. Nilimpelekea mstari wote kwenye karatasi kubwa, majina kwa wino mweusi na miaka kwa wino mwekundu: Honora, ndilo Nora la vitabuni, binti Michael, mwana wa Festus, mwana wa Bartholomew, mpaka juu. Nikamwomba yeye na wazee wengine wawili waweke alama zao, kwa kiapo, kwamba ndivyo ilivyo na kwamba Mama ana haki ya kulala na watu wake. Sioni aibu kwa hilo. Kilichowaua watu wetu ni kunyamaza. Tulinyamaza mpaka lugha ikatutoka, tukanyamaza mpaka majina yakakatwa vichwa na makarani.

Kuna jambo moja dogo kwenye daftari la vifo ambalo bado sijalielewa. Nikilielewa nitakuandikia.

Mbusu Mama kwa niaba yangu.
Sabina


Derreen
13 Januari 1952

Sabina,

Mama yako yupo. Anakula kidogo. Ng'ombe amezaa, kumbe ilikuwa mimba kweli, ndama jike.

Nakuandikia yaliyotokea ili usiyasikie kwa mtu mwingine. Barua yako kwa Bartley ilifika mapema tu, lakini unajua hasomi. Ilikaa kabatini kwake, kati ya visahani, siku zaidi ya kumi, ikimngoja binti wa mwalimu arudi kutoka chuoni. Hiyo yako ya tarehe kumi na tatu niliipata tarehe kumi na saba. Ile ya Bartley ilikuwa imesomwa jana yake. Ungenipigia telegramu ningekwenda kuitoa pale kabatini kwa mkono wangu.

Ilisomwa Jumapili baada ya misa, jikoni kwa Bartley, kama barua zote zinavyosomwa huku, na wewe ulilijua hilo. Walikuwapo watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili, nimesimama mlangoni. Binti alikitafsiri Kiingereza chako mstari kwa mstari. Mwanzoni waliipenda. Alipofika kwenye majina ya wazee, wanaume walivua kofia. Kisha akafika kwenye ombi lako.

Bartley akamuuliza, "Anataka niweke alama kwamba Nora ni binti wa Michael?"

"Ndiyo, mzee. Imeandikwa, kwa kiapo."

Wazee wakavaa kofia zao tena. Wale vijana hawakujua kwa nini. Bartley akanitazama mimi. "Festus, we mjinga, ulimwachaje mtoto aniulize?"

Nikamwambia aitupe motoni. Akasema, "Jana ningeitupa. Leo imeshasikika."

Sasa nakwambia mwenyewe, maana mama yangu aliniapisha mwaka 1919 akiwa kitandani, na kiapo hicho sasa hakina kazi. Wazazi wangu walikuwa na mtoto wa kike, Honora. Alikufa kwa kifaduro kabla hajatimiza mwaka. Mama hakuzungumza mwezi mzima. Ndipo baba alipofunga punda akaenda mjini kwenye nyumba ya maskini, akarudi na mtoto wa umri ule ule, ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Wakampa lile jina, kwa kuwa lilikuwamo nyumbani na halikuwa na mtu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Niliambiwa Nora amepona. Nilijua si yeye. Lakini nilimpenda huyu zaidi, maana huyu alikuwa anacheka.

Wazee wote walijua. Bartley alijua akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Wala hakuwahi kulitamka, na siku ikifika angekuja na sepetu lake na wanawe wote. Aliniambia hivyo siku ile ile, nje, penye rundo la mboji, na alikuwa analia. Lakini kuapa uongo hawezi. Na mtu aliyekataa kuapa mchana mbele ya watu kumi na mmoja hawezi tena kwenda kuchimba. Jina lilikuwa lake kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Alhamisi Sarah wa dukani alinifungia sukari, akasema ni zawadi yake kwa Nora Mulkerrin. Sarah amemfahamu maisha yake yote. Hajawahi kumwita hivyo.

Festus Folan


Rathmines, Dublin
20 Januari 1952

Mjomba,

Sina habari za kukupa. Natumaini ndama yu hai.

Nilijua. Sikuwa na uhakika, lakini nilijua. Niliuona mstari ule wa daftari la vifo tarehe 28 Novemba, siku tatu kabla sijamwandikia Bartley. Honora Folan, Derreen, miezi kumi na moja, kifaduro. Ni mwandiko mzuri sana, karani alikuwa hodari. Nilikaa nao mpaka mlinzi alipoanza kufunga madirisha. Mama yangu alikufa mwaka 1886. Nikajiambia ni mtoto mwingine, kwamba watu wa zamani walirudia majina ya watoto waliokufa, na ni kweli walirudia. Kisha nikaenda nyumbani, nikachora ule mstari kwa rangi mbili, nikauweka kwenye bahasha. Nilitaka watu watatu waape, ili daftari lishindwe. Hilo ndilo nililolifanya. Usiniambie sikukusudia, maana naona unataka kuniambia.

Lakini nisikilize, nimesoma mfululizo tangu barua yako ifike. Nimeona orodha ya watu wa bwana mmoja wa kina Folan, kabla Waingereza hawajavunja koo. Humo mna watu sita wenye majina sita tofauti. Katika orodha ya miaka arobaini baadaye, wote sita ni Folan. Walikuwa wachungaji wake, na mpiga kinubi, na mmoja aliyekimbia kisasi cha kwao akapewa jina apate kujificha ndani yake. Ndivyo koo zote zilivyojengwa. Babu wa kwanza alikuwa mmoja, waliobaki waliingia mlangoni. Na wakuu walipeleka watoto wao kulelewa na watu baki, na ndugu wa kulelewa pamoja walikufa kwa ajili yao vitani wakati ndugu wa damu wamekimbia. Msomee Bartley haya. Mwambie kwamba pengine yeye mwenyewe ni kitukuu cha mchungaji. Mwambie kwamba hakuna mtu kwenye pembe ile ambaye ana haki kuliko Mama.

Je, Mama anajua? Naweza kuja Jumamosi. Niambie nije.

Sabina


Derreen
17 Februari 1952

Sabina,

Ndama yupo. Mvua imeacha, kuna upepo badala yake.

Nilimsomea Bartley ulivyoandika, yote, na ya mchungaji. Akasema, "Huyo mtoto amesema kweli tupu. Sasa aje ayaeleze kwa wanangu." Unajua wanawe. Marcus, yule mkubwa, amejenga nyumba ya mabati na anaona yeye ndiye jina lenyewe.

Mama yako anajua. Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa Jumatano, mke wa mleta barua alipita, akachungulia mlangoni na kuuliza, "Nora Mulkerrin, kifua kinaendeleaje?" Mama yako alikuwa anamenya viazi. Akajibu vizuri tu kwamba kifua kipo. Yule alipoondoka aliendelea kumenya. Alimenya vya mchana, akamenya na vya kesho, akamenya mpaka kikapu kikaisha.

Ndipo akasema, "Festus, huyu amekosea jina langu."

"Amezeeka," nikamwambia.

"Ana miaka arobaini. Na Sarah naye amezeeka? Na padri, aliponiletea komunyo?" Akafuta kisu kwenye aproni. "Mama alijua?"

Nikasema, "Mama ndiye aliyekuita kwa jina hilo kwanza."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anavyohesabu kuku. "Mama alijua. Baba alijua. Wewe ulijua. Bartley alijua. Kumbe nyumba nzima, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa Folan."

Aliuliza nani ameanzisha maneno haya, nikasema hakuna, watu tu. Akasema ni Sabina. Akasema tangu ukiwa na miaka minne ulikuwa unauliza mpaka kitu kinavunjika. Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira.

Amegeuza kiti chake, hakielekei tena dirishani. Kilrua hapataji tena. Amesema usije kwanza.

Festus Folan


Rathmines, Dublin
24 Februari 1952

Mjomba,

Nimeweka humu barua nyingine ndogo, ni ya Mama. Nakuomba umsomee mkiwa wawili tu, na kama nitakuwa nimeandika jambo baya ndani yake liruke. Niliandika mara nyingi. Hii ndiyo fupi kuliko zote.

Hapa ofisini nimewaomba wanibadilishie kazi, wanipe kupanga kadi. Wamekataa, wanasema hakuna anayeandika vizuri kwa Wamarekani kama mimi.

Nitatii, sitakuja sasa. Nitakuja Pasaka. Mwambie nitakuja Pasaka.

S.


Derreen
30 Machi 1952

Sabina,

Mama yako alifariki Jumanne tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi, nikiwa namshikia kikombe. Alizikwa Alhamisi.

Sikukupelekea telegramu. Usiilaumu posta, ni mimi. Sikutaka usimame pale.

Barua yako ndogo sikuifungua. Nilipomwambia imekuja, alisema nimpe. Aliishika siku zote zile bila kutaka isomwe. Sijui kama hakutaka kusikia, au alitaka iwe bado haijasomwa. Imo kwenye jeneza, chini ya mkono wake.

Jumatano nilichukua sepetu nikaenda Kilrua peke yangu. Nikaanza kufungua ardhi pale pale ulipolala kupima, kati ya mama na ukuta. Ni udongo mzuri, hauna mawe. Nilipofika kiunoni niliinua kichwa nikawaona wana wa Bartley, watatu, wamesimama nje ya ukuta, kofia mkononi. Hawakunizuia. Hawakuingia.

Marcus akasema, "Mzee Festus, acha. Utaupasua moyo wako."

Nikamwambia, "Basi njoo unipokee."

Akatazama viatu vyake. Ni viatu vizuri, vipya. Nilimaliza mwenyewe.

Lakini kutoka langoni mpaka kwenye pembe jeneza hubebwa na wanne wa jina, na mimi ni mmoja. Alhamisi kina Mulkerrin walimbeba kutoka kanisani mpaka lango la Kilrua, wakamweka juu ya jiwe la kupokelea jeneza, wakarudi nyuma kama inavyotakiwa. Nilisimama kichwani. Mvua ilikuwa imeanza tena. Watu wote wa parokia walikuwapo, Sabina, hakukosa mtu, na wote waliomlilia walimlilia kweli. Wanawake wa kina Folan ndio waliolia kuliko wengine. Bartley aliletwa kwa gari la punda, akakaa humo humo, uso ameufunika. Tukangoja. Nafasi tatu zilikuwa wazi. Padri alitazama saa yake mara mbili, na si mtu mbaya, alikuwa na mafua. Mwisho akasema jeneza lisiachwe mvuani, lipelekwe barabarani.

Namba yake ni sitini na tatu. Kushoto kwake kuna fundi baiskeli kutoka Sligo aliyekufa akipita tu hapa. Kulia bado hakuna mtu.

Lile shimo la Kilrua limebaki wazi. Wamenituma mara mbili nikalifukie. Watu huku hawapendi kaburi lililofunguliwa likafungwa tupu, wala hawapendi likae wazi. Wanasema litaita mtu. Nimewaambia waliache, najua litamwita nani.

Ng'ombe na ndama nimempa Sarah.

Festus


Rathmines, Dublin
20 Aprili 1952

Mjomba,

Nilikuja Pasaka, kama nilivyosema. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na moshi ulikuwa unatoka. Niligonga, nikakuita, kisha nikakaa kwenye kizingiti kiasi cha saa moja. Sikuja kukulaumu kwa ile telegramu. Nilitaka tu kukaa kwenye kiti chake.

Nilikwenda kwenye namba sitini na tatu. Hakuna kitu pale ila kijiti. Kilrua sikwenda.

Halmashauri imeniletea fomu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto. Wanataka kutengeneza kibao cha chuma, cha bure, kwa kila kaburi. Wanauliza jina la marehemu, na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Fomu iko mbele yangu tangu Jumatatu. Kutwa nawajazia wageni majina yao. Leo asubuhi nimemwambia mwanamke mmoja wa Boston, bila kusita, kwamba watu wake walikuwa walinzi wa kengele ya mtakatifu kwa miaka mia tatu, na kwamba anaweza kutembea kichwa juu. Kisha nimerudi kwenye fomu hii, kalamu haiendi. Nikiandika Folan, Marcus ataking'oa kibao na atakuwa na haki. Nikiandika Mulkerrin, nitakuwa nimesimama upande wa mke wa mleta barua. Nimeitafuta ile nyumba ya maskini, labda mtu aliandika chochote siku ile babu alipofika na punda. Daftari la mwaka huo lipo. Limeandikwa, mtoto wa kike mmoja, ametolewa. Basi.

Karani ananingoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Sikuombi kitu kingine chochote, Mjomba, wala sitakuuliza tena swali maishani mwangu. Niambie niandike nini.

Sabina


Derreen
11 Mei 1952

Sabina,

Nilikuwa ndani. Nilikusikia ukikohoa.

Andika Nora, hapo pa ukoo paache wazi. Hilo nalo lilikuwa la yule wa kwanza, lakini yeye hakulitumia hata mwaka.

Festus